Mchagua Msumeno

"Mchagua jembe si mkulima," husema wahenga. Methali hii humkemea mtu atafutaye kasoro katika zana ili apate udhuru wa kuikimbia kazi. Lakini methali ni kama nguo, haimkai kila mtu. Mkulima aweza kulima kwa jembe butu, akachelewa tu. Mkata nakshi hawezi kukata ua dogo kwa msumeno wa kupasulia magogo. Kwake yeye kuchagua zana ni sehemu ya kazi yenyewe, na akosaye kuchagua vema huharibu ubao, fedha na saa zake.

Msumeno wa nakshi ni ule ambao utepe wake wa feleji, wenye urefu wa inchi 5 hivi na wembamba wa kukaribia uzi, huvutwa kwa nguvu baina ya mikono miwili ya chuma, ukapanda na kushuka kwa haraka. Utepe hupenyezwa katika tundu lililotobolewa kwanza, kisha hukata maua na majani katikati ya ubao bila kuugusa ukingo. Uzuri wa mbao zilizotobolewa hivyo huonekana katika roshani za Zahanati ya Zamani ya Unguja, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan. Huko Marekani, katika karne ya 19, kampuni ya W. F. & John Barnes ya Rockford, Illinois, iliuza misumeno ya namna hii iendeshwayo kwa kukanyaga miguu, na watu wengi wasio maseremala wakaitumia kwa kujifurahisha baada ya kazi zao.

Bweranyange si mahali pa kustaajabia mapenzi ya mtu kwa zana. Hapa palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Speke na Grant walipokelewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina iliyojaa mikuki, sanamu za bata, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Ndagara, baba wa Rumanyika, hutajwa katika mapokeo kuwa alikuwa bingwa wa uhunzi, na nyundo na fuawe za chuma zilihesabiwa miongoni mwa alama za ufalme. Upande wa Bukoba, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 jinsi wahunzi wa Kihaya walivyojua tangu kale kuyeyusha chuma cha pua katika tanuri zao za udongo. Nchi ya namna hiyo ilijua kwamba chuma kina tabia, na kwamba mwenye kazi sharti aijue tabia ya chuma chake.

Aweza kuwapo leo katika vilima hivyo mwalimu mstaafu ambaye, baada ya miaka ya chaki, ameweka meza ya useremala chini ya upenu wa nyumba yake. Ana msumeno mdogo wa umeme alioununua ukiwa umekwisha tumika. Atamani kukata sura ya ng'ombe wa Karagwe wenye pembe ndefu, zilizopinda kama mwezi mchanga, ili awagawie wajukuu. Kila mara pembe huvunjika. Anaulaumu msumeno, anawaza kununua mkubwa zaidi, na bei yake ni sawa na mabati ya kuezekea jiko linalovuja. Mkewe hamkatazi, ila amemwuliza swali moja: huo mpya utafanya nini ambacho huu haufanyi? Swali hilo ni zito kuliko msumeno wowote, na mwalimu hana budi kulijibu kwa haki.

Jibu halipatikani dukani. Hupatikana katika kuzichunguza kasoro moja moja. Pembe huvunjika kwa sababu nyuzi za mti zimeikata pembe kwa mapana badala ya kwenda pamoja nayo. Hapo ubao ndio wenye hatia, na msumeno wa bei yoyote hautauponya. Dawa yake ni kuugeuza mchoro ufuate nyuzi, au kutumia mbao za tabaka zilizogandishwa kwa kupishana. Mstari ukienda kombo upande mmoja, yaelekea ni makali ya utepe yaliyobaki upande huo tangu ulipotengenezwa. Fundi huuelekeza ubao kidogo upande, mstari ukanyooka. Utepe ukiyumba, haukukazwa: ukikazwa sawasawa na kuguswa kwa kidole, hutoa sauti nyembamba kama uzi wa nanga. Ubao ukidundadunda, huenda meno ni makubwa mno, kwa maana yafaa meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya unene wa ubao kwa wakati mmoja. Mgrevilea ulio laini hustahimili mwendo wa kasi. Mpingo huungua usipokatwa polepole. Kasoro zote hizi huondolewa kwa subira, au kwa tepe chache ambazo bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya mashine.

Hubaki kasoro ambazo kweli ni za msumeno. Ya kwanza ni namna ya kushika utepe. Mashine nyingi za bei nafuu hutaka utepe wenye pini kila ncha, na pini haipiti ila katika tundu pana. Basi jicho la ng'ombe haliwezi kuwa dogo kuliko pini. Vishikio vya kubana utepe usio na pini huiondoa shida hiyo, na pengine fundi wa vyuma aweza kuvitengeneza bila mashine kubadilishwa. Ya pili ni kina cha koo, yaani nafasi kutoka kwenye utepe hadi nguzo ya nyuma: inchi 16 zatosha kwa sinia na fremu za picha, hazitoshi kwa ubao wa mlango. Ya tatu ni mtetemo, ambao hupunguzwa na kitako kizito cha chuma au meza imara. Ya nne ni mwendo usiobadilika. Tena yafaa kuutazama umeme: mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani huungua ikiunganishwa na volti 230 za Tanzania pasipo transfoma. Na mahali umeme ukatikapo mara kwa mara, mguu wa cherehani kuukuu waweza kuuendesha msumeno bila ankara.

Wahenga wana methali nyingine: "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Zana mpya hufurahisha kabla haijafanya kazi, na furaha hiyo hudanganya. Abadilishaye msumeno kabla ya kujua kosa la ule wa zamani hulihamisha kosa lile katika chombo cha ghali zaidi. Lakini aliyekwisha kukata mpaka mwisho wa uwezo wa zana yake, akajua kwa mikono yake mahali ilipomshindia, huyo kuchagua kwake si uvivu. Hata jembe humfaa aliyelima kulichagua, maana anajua shamba lake lina mawe upande gani.

Basi mwalimu wa mfano huu akiugeuza ubao wake, akanunua tepe nzuri na vishikio vipya, na jicho la ng'ombe bado likamshinda, atamjibu mkewe bila kuona haya. Pembe zikisimama imara, ataezeka jiko. Majibu yote mawili ni ya heshima, na lililo la kweli litaletwa na kazi.