Uwanja Huu wa Nani, Jamani?

Wewe wa Kinondoni, Ilala au Mwanza, najua kijiwe chako unakifahamu: benchi, kahawa, bao na ubishi wa Simba na Yanga usiokwisha. Ukiuliza kijiwe hicho kina umri gani, hakuna anayejua. Kipo tu. Siku kikivunjwa kupisha ujenzi ndipo watu wanashika vichwa.

Leo nakupeleka kwenye kijiwe kikubwa kuliko hicho. Hakina benchi wala paa. Ni uwanja wa senta, kwetu Karagwe mkoani Kagera, pande za Chonyonyo. Usilicheke jina bwana, likizoee mdomoni kwanza!

Senta za kwetu ukiiona moja umeziona zote. Barabara ya vumbi jekundu, maduka huku na huku, mti wa kivuli, ghala la kahawa, halafu peupe pakubwa ambapo hapana kitu. Jina hapana, sisi husema "uwanjani" tu, basi. Hapo ndipo gulio linapokaa, timu inapocheza, mhubiri anapopaza sauti, mwanasiasa anapopanda juu ya gari na kuahidi maji. Binti na kijana wakitaka kuonana bila maswali ya wazazi, siku ya gulio ndiyo siku yao. Nani atashangaa ukienda kununua chumvi ukarudi jioni?

Sasa wenzangu wengi wanadhani uwanja ni kiraka kilichosahauliwa. Ebo! Ukisoma historia ya Karagwe utakuta watu wa huku wamekutana peupe tangu enzi za wafalme. Makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika wakitafuta chanzo cha Mto Nile, wakapokewa kwa heshima zote. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, Grant akabaki nyuma kwa sababu ya mguu mbovu. Miezi mitatu anauguza mguu kwa watu! Ukarimu wa Mnyambo haukuanza jana.

Karibu na hapo palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu, penye pembe za ndovu, nguo na shanga. Stanley naye alipopita 1876 aliwakuta. Kwa hiyo ujue, wakati Dar es Salaam bado ni kijiji cha wavuvi, huku bara watu walishakuwa na mahali pa kukutania, kupatana bei na kupashana habari.

Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Ngoma ya mfalme ikanyamaza, lakini watu hawakuacha kukutana. Likaja azimio, zikaja siasa za Ujamaa, na kati ya 1973 na 1976 ile Operesheni Vijiji iliyowahamisha Watanzania kwa mamilioni wakae pamoja. Kijiji kikitaka kuitwa kijiji lazima kiwe na mahali pa mkutano. Mbiu ya mgambo ikilia, wote uwanjani. Babu yangu anasema katika maisha yake amesikia habari tatu kubwa akiwa amesimama uwanjani: za vita ya Amin, 1978, za vyama vingi, 1992, na za kifo cha Mwalimu, 1999. Redio zilikuwepo, anasema, lakini habari nzito mtu hapendi kuisikia peke yake.

Halafu kuna kahawa. Hapa ndipo uwanja unapopata uhai. Msimu ukifika, kahawa ya maganda inaanikwa, inafungwa kwenye magunia na kuletwa kwenye mizani ya chama cha msingi. Siku ya malipo, nakwambia, senta nzima inanukia nyama choma na rubisi. Na wale wazee wanaotafuna kahawa mdomoni kama karanga wanakaa chini ya mti wakihesabu nani amelipa deni na nani amepita njia ya uani. Maana kuna butura, ule mchezo wa kuuza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa. Butura inafanyika gizani, chumbani, wawili kwa siri. Mizani iko uwanjani, kila mtu anaiona. Ukitaka kujua faida ya mahali peupe, anzia hapo.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwaka juzi, katika senta moja wilayani kwetu, jina naliweka kapuni, tuliamka tukakuta vigingi uwanjani. Fremu za maduka zinakuja! Wakubwa walishapima.

Msomaji, sikufichi. Mimi mwenyewe fremu naitamani. Nimemaliza fomu foo, ajira sina zaidi ya hizi safu zangu, na fremu moja ya kuuza vocha na kunyoa nywele ingenipa heshima mbele ya wakwe watarajiwa. Washikaji zangu wengine walishaweka majina kwenye orodha. Wengine, wachezaji wa timu, walitaka kung'oa vigingi usiku uleule. Marafiki wa tangu darasa la kwanza wakawa hawasalimiani.

Mkutano ukaitishwa. Wapi? Palepale, katikati ya vigingi! Maneno yakawa mengi, mpaka bibi mmoja akasimama na fimbo yake akauliza, "Mkishajenga hapa, siku mkitaka kutuambia mmeuza na makaburi, mtatuitia wapi?"

Kimya. Hata wale wa orodha wakaangalia viatu vyao.

Mwisho wa yote watu walikubaliana: vigingi vya upande wa magoli ving'olewe, vya kando ya barabara vibaki. Fremu nne zimejengwa, mpira unachezwa. Mimi fremu sikupata, na nilinyoosha mkono kuunga mkono uamuzi. Iliniuma, lakini nikijiuliza ningemuuzia nani vocha kama watu hawana sababu ya kuja senta, sipati jibu.

Kijana mwenzangu, shika hili: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Na mkutano mkuu ni wewe, ukishatimiza miaka 18 na unaishi hapo. Tatizo letu vijana, mbiu ikilia tunasema "hayo ni ya wazee", kisha tunakuja kulalamika kwenye simu wakati nondo zimeshasimama.

Wa mjini nanyi msijione mmepona. Kariakoo ilipata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kambi ya wapagazi ikageuka mahali pa Bongo nzima, na soko lilipoungua Julai 2021 hata sisi wa Karagwe tuliumia. Kwa hiyo wiki hii waulize wazee wa mtaani kwenu: ule uwanja mnaochezea una karatasi? Nani ameisaini? Ukipata jibu usikae nalo. Lipeleke kijiweni.