Nyuma ya Picha

Watu wengi waingiapo katika jumba la makumbusho hutazama uso wa picha. Mimi hupenda kujua ya nyuma yake: nani aliimiliki, nani aliiuza, na kwa hati gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kuwa daftari lenyewe laweza kudanganya.

Chukua picha ya Wally, aliyoichora Egon Schiele mwaka 1912. Ilikuwa mali ya Lea Bondi, Myahudi mwenye duka la picha mjini Vienna, naye aliitundika nyumbani kwake. Mwaka 1939, alipokuwa akijiandaa kukimbilia Uingereza, Friedrich Welz, Mnazi aliyelitwaa duka lake, aliitaka na picha hiyo. Bondi akampa, maana roho ni bora kuliko picha.

Vita vilipokwisha, majeshi ya Marekani yaliichukua pamoja na mali nyingine za Welz. Ikachanganywa na picha za Heinrich Rieger, daktari wa meno, Myahudi mwingine aliyeporwa. Warithi wa Rieger walipouza zao kwa jumba la Belvedere, Wally naye akaenda nazo. Mwaka 1954 Rudolf Leopold akaipata hapo kwa kubadilishana. Kwa maelezo ya Bondi, Leopold huyo huyo ndiye aliyemwomba amsaidie kuirejesha!

Bondi alifariki mwaka 1969, picha hajaiona tena mkononi mwake. Mwaka 1998, ilipokuwa katika maonyesho New York, wakuu wa sheria waliizuia isirudi Vienna. Kesi ilichukua miaka 12. Mwaka 2010 Jumba la Leopold liliwalipa warithi wa Bondi dola milioni 19, picha ikabaki kwake, kwa sharti kwamba pembeni yake pawekwe maandishi ya kueleza ilikotoka.

Nikiifuata njia hiyo, naona kuwa tangu Belvedere kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Lakini kisima kikichafuliwa, usafi wa ndoo hausaidii. Wapo watakaosema ushindi ulikuwa zile milioni. Mimi nayathamini zaidi yale maandishi machache ukutani. Fedha warithi watazitumia ziishe. Mgeni atakayesimama mbele ya Wally kesho atalisoma jina la Lea Bondi, na kujua kwamba picha ile iliporwa.