Ufunguo Mmoja

Mpwa wangu alinunua gari lililotumika, likaja na ufunguo mmoja. Ulipotumbukia mtoni kule Mamba, magunia ya tangawizi yakiwa yamekwisha kupakiwa, fundi wa Same alipanda mlima na tupa yake. Alifungua kitasa cha mlango, akachonga ufunguo mpya kwa kufuata vipande vya ndani. Mlango ukafunguka, injini ikakataa! Land Rover za zamani zilitosheka na chuma. Magari mengi ya tangu mwisho wa miaka ya 1990 hudai pia chipu iliyomo kichwani mwa ufunguo, yasipoitambua, hayawaki. Akaitwa mtaalamu wa kompyuta kutoka Moshi, akataja bei iliyozidi faida ya mzigo.

“Mjomba, nilipe?”

Nikamwambia alipe, na ufunguo wa pili usajiliwe papo hapo, kabla mashine haijachomolewa.