Sauti ya Vicaria

Jumatano, 12 Machi 2025

Dijei kaniita. Anataka nitafsiri naye filamu ya Jumamosi kwenye kibanda cha video hapa kambini. Mimi! Filamu yenyewe ni The Angry Black Girl and Her Monster, ya 2023, kaiongoza Bomani J. Story. Vicaria, msichana mweusi, mtaani kwao Marekani. Mama kafa, kaka kapigwa risasi. Yeye anashikilia kwamba kifo ni ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Basi anamshona kaka yake, anamtia umeme, anaamka. Frankenstein ile ile, ila hapa hakuna bwana mkubwa, kuna watu wa kawaida na madawa ya kulevya.

"Sauti ya msichana siiwezi," Dijei anasema, "watanicheka." Nikakubali kabla hajamaliza. Sasa tumbo linaniuma. Mama simwambii.

Alhamisi, 13

Mvua tangu alfajiri. Njia ya sokoni tope tupu. Nimeitazama tena kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Jana usiku nilisoma habari za Mary Shelley, mwenye hadithi ya kwanza ya Frankenstein. Alianza kuitunga ana miaka 18! Mwaka 1816, karibu na Geneva. Kiangazi cha mvua na baridi, kwa sababu mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka uliotangulia. Hata zimwi limeanzia Geneva. Na mafaili yetu ya ukimbizi, tunayoambiwa yako huko, je? Nikacheka peke yangu gizani.

Kisha cheko likakatika. Machi 1815 kichanga chake kilikufa, hata jina hakijapewa. Siku chache baadaye akaandika kwenye shajara yake: ameota mtoto yu hai, kumbe alikuwa amepoa tu, wakamsugua karibu na moto akapata uhai. Akaamka, mtoto hayupo.

Wanaiita hadithi ya kutisha.

Ijumaa, 14

Mama kajua. Mtu wa kwaya kampelekea habari. Mashetani, kanisa, wafu waachwe walale. Nikanyamaza. Akaendelea kuchambua mbaazi. Baadaye sana, bila kunitazama: "Huyo kaka alivyoamka, alimuulizia mama yake?"

"Mama yake alishakufa."

"Basi wamemwamsha bure."

Simu ya yaya, ndugu yangu mkubwa aliyebaki nyumbani Uvira, bado haipatikani. Tangu Februari. Mama siku hizi haulizi kama nimejaribu.

Mazoezi: ugomvi. Dijei anataka maneno mfululizo, utani juu ya utani, kama Lufufu, yule mtafsiri wa filamu wa enzi zile. Nikamwambia maiti anapoamka tusitanie. "Watu wamelipa!" Haya.

Jumamosi usiku

Siwezi kulala! Kibanda kilijaa, watoto wakapenya chini ya turubai. Dijei kawachekesha mwanzo mzima, sitamnyima sifa yake. Ikafika pale maiti anapoamka. Nikavuta maiki, nikasema polepole, kama unavyomwamsha ndugu asichelewe shule: "Yaya. Yaya, amka."

Kwenye filamu maneno hayo hayamo.

Kimya. Mzee mmoja nyuma: "Ongezeni sauti!" Wakamzomea.

Nje ikawa mabishano. Jamaa mmoja: mwenye kosa dada, mtu akizikwa kazikwa. Mama mmoja Mrundi akageuka: "Wewe ungemwacha?" Jamaa kimya. Halafu: "Ningemwamsha. Ila nisingemfungia ndani." Wakaondoka wakibishana hivyo hivyo mvuani.

Jumapili, 16

Sauti imekauka. Mama kauliza ilikuwaje. Nikamweleza yote, na yale maneno niliyoongeza. Akakaa.

"Usiyaseme tena," akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Uvira: haipatikani.

Jioni Dijei kaja na shilingi elfu mbili. Elfu mbili, na watu walikaa mpaka juu ya ndoo! Eti Jumamosi ijayo anaweka Shumileta, ile ya Mussa Banzi, ya mnyonya damu. Mjanja. Hiyo ni ya Kiswahili, haitaki mtafsiri wala malipo yake. Nikamwambia sawa, Kaka Dijei, lakini ile ya Vicaria watu wanaitaka tena, na mimi nataka nusu ya mlangoni. Kaondoka kanuna.

Atarudi. Sauti ya msichana hana.