Kishikwambi Changu, Mali ya Nani?

Mtengenezaji alipoacha kukisasisha kishikwambi changu, nilikisimikia hapa Nakasero mfumo endeshi wa Ubuntu Touch, ambao Canonical iliuacha mwaka 2017 na jumuiya ya UBports ikauendeleza. Jina Ubuntu ni ndugu wa "utu" wetu na "obuntu" ya Kiganda. Kioo kiliwaka, spika zikalia. Kamera na Waifai hazikuitika, kama orodha ya UBports ilivyotahadharisha.

Kilichokosekana ni viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kila kiungo cha chombo. Mtengenezaji ameuficha msimbo wake, hivyo anayetaka kuviandika upya hulazimika kubahatisha.

Hilo ni suala la uraia. Chombo tusichoruhusiwa kukielewa ni chetu nusu tu. Kabla ya kununua, mwanafunzi, uliza kama viendeshi vyake viko wazi.