Wakili aliyemuuliza mdogo wangu kama amekula

Simu ya Mama iliingia alfajiri, nikiwa bado kitandani Mwanza. "Mdogo wako wamemkamata," alisema. "Yuko Biharamulo. Wanasema wamevamia duka la wakala wa pesa."

Swali langu la kwanza, naliandika hapa kwa aibu, lilikuwa hili: "Amefanya kweli?"

Mama alinyamaza. Kisha simu ikakatika. Hadi leo sijui kama salio liliisha au alikata mwenyewe.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Nimempita miaka 12, na nilimbeba mgongoni nikiwa shule ya msingi, Mama akienda shambani. Kwetu ni Ngara. Alipofika kidato cha pili aliacha shule bila kumuaga mtu, akaenda Nyakahura, upande wa Biharamulo, kuendesha bodaboda ya mtu. Ili apewe pikipiki alimdanganya mwenye chombo kwamba ana miaka 19. Alipokamatwa na kuulizwa umri, akarudia uongo uleule. Hati ya mashtaka ikaandikwa miaka 19.

Kosa lenyewe lilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa sheria zetu kosa hilo halina dhamana, na mtu mzima akitiwa hatiani adhabu haipungui miaka 30 jela. Nilipiga hesabu kwenye basi. Angetoka akiwa mzee kuliko Mama alivyo sasa, isipokuwa kwa miaka michache.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Ninajua kuandika kuhusu chanjo, malaria na vifo vya wajawazito. Habari za mahakama nilikuwa nikizisoma kama mtu mwingine yeyote, kwa haraka, huku nimeshaamua nani mwenye kosa. Msaidizi wa kisheria mmoja wa Ngara ndiye aliyetuelekeza kwa wakili mzee mwenye chumba kimoja cha ofisi mjini Biharamulo. Ameomba nisiandike jina lake, kwa hiyo nitamwita Wakili tu.

Ni mtu wa miaka sitini na kitu, mfupi, koti lake limepauka mabegani. Alisomea sheria Mlimani, Dar es Salaam, na kazi ya kutetea washtakiwa wa jinai ameifanya kwa zaidi ya miaka 30. Alianza siku zile Ngara ilipofurika wakimbizi wa Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 tu. Wateja wake wengi hawajawahi kumlipa hata senti. Ni wale wa mauaji, ambao mahakama huwapangia wakili kwa kuwa hawana uwezo, na serikali humlipa wakili huyo posho kidogo. Utaratibu wa kuwapa watu hao wakili ulikuwepo kisheria tangu 1969, na sasa unaongozwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Siku tuliyokwenda kumwona mdogo wangu, Wakili aliniruhusu nisimame karibu kwa dakika chache za mwanzo. Nilitegemea aanze na lile swali langu la kwenye simu. Akamuuliza, "Umekula nini leo?"

"Uji."

"Jana usiku?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa.

"Unalala ubavu gani?"

"Wa kulia. Wa kushoto unauma."

"Mkojo wako una rangi gani?"

Hapo nilishtuka, maana hilo lilikuwa swali la watu wangu. Mtu aliyepigwa sana misuli inaweza kuharibika, uchafu wake ukaingia kwenye damu na kuziba figo, na dalili mojawapo ni mkojo mweusi kama chai ya rangi au soda. Nimewahi kuandika makala kuhusu jambo hilo. Sikuwahi kufikiri kwamba wakili wa kijijini anaweza kulijua, wala kwamba mgonjwa angekuwa mtoto niliyembeba mgongoni.

"Kama kahawa," mdogo wangu alijibu, akatazama chini.

Wakili hakumuuliza nani aliyempiga, walinzi wakiwa pale. Aliniomba nisogee kando. Jioni ile mdogo wangu alikuwa hospitali, na fomu ya PF3 ilijazwa na daktari kama inavyotakiwa. Figo zake zilipona.

Tuliporudi ofisini nilimuuliza kwa nini hakumuuliza kama amefanya.

"Mwanangu," alisema, "wewe ukienda wodini huanzi kwa kumuuliza mgonjwa wa ini kama alikunywa pombe. Kwanza unamtibu. Na mimi kijana akiniambia leo, ataniambia kile anachodhani ninataka kusikia. Akishakula na kulala, ataniambia kilichotokea."

Katika wiki zilizofuata nilikaa sana kwenye benchi la ofisi ile, kwa sababu kesi iliahirishwa mara nyingi. "Upelelezi haujakamilika" ni maneno ambayo Mama sasa anayajua kama salamu. Nikawa ninamsikiliza Wakili akiandaa kesi za watu wengine.

Anauliza sana habari za taa. Shahidi akisema alimwona mtu usiku, yeye anataka kujua ilikuwa kibatari, taa ya sola au mbalamwezi. Ilikuwa imewekwa wapi. Walikuwa umbali gani. Tukio lilichukua muda gani. Na kama shahidi alimjua mtu huyo kabla ya siku hiyo. Nilidhani ni ujanja wake mwenyewe. Kumbe ni msimamo wa Mahakama ya Rufani tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na hautegemewi mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe wote. Nikakumbuka mara ngapi nimemwita mtu barabarani kwa jina, akageuka, kumbe siye.

Anauliza pia habari za saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi. Wakihitaji zaidi, muda huo lazima uongezwe kwa utaratibu. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya hapo bila kibali yanaweza kukataliwa na mahakama. Ndiyo maana swali lake la kwanza kwa mzazi ni: "Walimchukua saa ngapi, na nani aliona?" Wazazi wengi hawakumbuki. Mama alikumbuka alichoambiwa na majirani wa Nyakahura, maana aliwapigia wote.

Kuna kesi moja aliyonisimulia ambayo imenikaa. Kijana alishtakiwa kwa mauaji, na maelezo yake yalikuwa kurasa tatu za Kiswahili safi. Wakili alipomtembelea akakuta kijana anaitikia kila kitu "ndiyo". Alimuuliza kama yeye ni ng'ombe, akajibu ndiyo. Hakujua Kiswahili hata kidogo. Alikuwa wa ng'ambo ya mpaka, msemaji wa Kirundi. Ilibidi atafutwe Mhangaza wa kutafsiri, kwa kuwa lugha hizo zinaelewana. "Kama ningeanza na swali la umefanya," Wakili alisema, "angesema ndiyo, na mimi ningeamini." Mauaji yana adhabu moja tu kwa mtu mzima, kunyongwa. Jaji hana nyingine ya kuchagua.

Msomaji anaweza kuuliza, kama nilivyouliza mimi, habari za wenye hatia kweli. Mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino, wa miaka miwili na nusu, aliuawa Muleba, wilaya jirani na Biharamulo. Watu tisa walipofikishwa mahakamani Bukoba, niliandika kwenye ukurasa wangu kwamba watu kama hao wasipewe wakili. Watu mia kadhaa waliunga mkono. Nilimwonyesha Wakili maneno yale kwenye simu. Alivaa miwani, akasoma polepole, akanirudishia.

"Na kama kati ya tisa mmoja siye?" aliuliza. "Utamjuaje, bila mtu wa kuuliza maswali?" Kisha akaendelea kutafuta faili lake.

Sikuwa na jibu. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijaijutia, ila maneno yale niliyafuta.

Mdogo wangu aliyasema yote siku ya ziara ya tatu. Aliwabeba wale wawili kwa pikipiki. Alipoona panga alijua wanakwenda kufanya nini. Aliwasubiri njiani, akawarudisha, wakampa shilingi 40,000. Hakuingia dukani, lakini alijua. Wakili alituambia kwa ruhusa yake, Mama akiwepo, kwa sauti ileile anayoagizia chai.

Kisha akamgeukia Mama. "Dada yangu, huyu mtoto ulimzaa lini?"

Mama alitaja mwaka na msimu: wakati wa kuvuna maharage. Cheti cha kuzaliwa hatukuwa nacho. Nikasema tutakimbilia kukifuatilia. "Fuatilieni," alisema, "ila cheti cha jana kitaulizwa maswali. Hakuna kitu cha zamani?"

Mama alirudi Ngara usiku uleule. Chini ya godoro, ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, alikuwa na kadi ya kliniki. Imeliwa na mende pembeni, lakini tarehe ya kuzaliwa inasomeka, na mstari wa uzito unapanda, unashuka mwezi alipougua surua, unapanda tena. Kwa miaka nimewaandikia wazazi watunze kadi hizi kwa ajili ya chanjo. Sikuwahi kuandika kwamba kadi inaweza kumtoa mtoto kwenye miaka 30.

Siku ya tukio alikuwa na miaka 16. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba mtoto hapewi adhabu ya kifungo jela. Mama alitoa ushahidi, kadi ikapokelewa, afisa ustawi wa jamii akaleta ripoti. Kesi yake ilitengwa na ya wale wawili. Alikiri. Aliachiwa kwa masharti, chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, na sasa amerudi shule kwa kuchelewa, akikaa na watoto wadogo kuliko yeye. Wale wawili kesi yao inaendelea. Wakili anamtetea mmoja wao.

Nilimuuliza pia kuhusu dada wa duka, aliyekatwa panga mkononi. Nilihisi tumemsahau wote. "Yeye ana Jamhuri nzima upande wake mahakamani," alijibu. "Lakini nje ya mahakama sijui ana nani. Hilo waulizeni ninyi."

Mama ndiye aliyeamua. Jumapili moja tulikwenda Nyakahura, Mama, mdogo wangu na mimi, tukiwa na mkungu wa ndizi na kilo mbili za maharage. Yule dada alitukaribisha viti nje, hakutukaribisha ndani. Mdogo wangu alipiga magoti, hakuweza kusema. Yule dada alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ni mtoto."

Niliomba kuuona mkono. Kidonda kimefunga vizuri, ila vidole viwili havikunjiki. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi. Nilimwonyesha jinsi ya kufinya kitambaa kilichoviringishwa, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Alijaribu. Kidole cha pete kilisogea kidogo.