Honda ya Bwana Mifugo

Wapo wanaouliza mbona siku hizi sionekani kijiweni jioni, na wengine wameshaanza kusambaza habari kwamba nimeoa kimyakimya. Sijaoa. Nina pikipiki. Huu ni mwezi wa saba, kila nikitoka chumba cha habari narudi Tabata moja kwa moja, navua shati, navaa kaptula yenye madoa ya oili, nakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nyuma ya jiko na kuhangaika na chuma kilichonizidi umri.

Chuma chenyewe ni Honda CG125 ya mwaka 1981. Najua kuna atakayeguna: si bora ingekuwa Triumph, au zile Kawasaki za kwenye sinema? Ngoja kidogo, mshikaji. Honda walipoitoa CG mwaka 1976 hawakuwa wakimfikiria mtu wa London. Walimfikiria mtu wa nchi kama yetu, anayebeba magunia mawili na mtoto, anayeongeza oili siku akikumbuka, na ambaye fundi wake ana spana mbili na nyundo. Ndiyo maana injini yake ni ya kizamani kwa makusudi. Haina ile cheni ya taimingi ya kulegea na kupiga kelele. Valvu zinasukumwa na fito mbili ndefu kutoka chini, na kinachozisukuma fito kinazungushwa na gia. Haina filta ya oili ya kununua na kubadilisha, ina kiwavu unachokiosha na kukirudisha. Cheni ya nyuma imefunikwa yote kwa bati ili vumbi lisiione. Yaani ni injini iliyobuniwa na watu waliojua kabisa kwamba utaisahau.

Wachina wakaiona, wakainakili, kiwanda baada ya kiwanda. Ukipanda bodaboda leo ukaona kwenye injini pamegongwa 156FMI, kuna uwezekano mkubwa umekalia mjukuu wa CG. Pakistan mpaka leo wanaitengeneza, ikiwa na jina la Honda halali. Kwa hiyo unapocheka kichuma changu, angalia kwanza ulichopanda kuja kazini.

Hii ya kwetu ilifika nyumbani mwaka 1993, baba alipoinunua mnadani. Ila alikuwa ameshaiendesha miaka mingi kabla ya hapo, ikiwa mali ya serikali. Mzee alikuwa bwana mifugo, Mpwapwa. Alisomea hapohapo kwenye chuo cha mifugo, na ujana wake wote ulikwisha kwenye njia za vumbi akichanja ng'ombe. Adui alikuwa sotoka. Kizazi chetu hakimjui sotoka, na hiyo ndiyo sifa ya kina baba. Miaka ya 1890 ugonjwa huu ulifagia sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na watu waliowategemea wakafa njaa. Chanjo nzuri ilipatikana Muguga, Kenya, kwa kazi ya Walter Plowright na wenzake, na mwaka 1986 ikaanza kampeni kubwa ya bara zima. Tatizo ni kwamba chanjo ile ilitaka baridi. Ukishaichanganya una saa chache tu, ikipata joto umemchoma ng'ombe maji ya bure. Sasa fikiria kijiji kisicho na umeme wala barabara, jua la Dodoma, na mtu mmoja na sanduku la barafu nyuma ya pikipiki.

Sanduku hilo lilikaa kwenye karia, na karia hii si ile ya kiwandani. Ni ya nondo na pembe za chuma, nzito kama kitanda cha hospitali, imefungwa kwa bolti nne na kupandiana na nusu ya siti. Ilitengenezwa na fundi wa karakana ambaye ni wazi aliamini katika uzito.

Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui. Mzee alisikia redioni. Alisema "Haya," akaomba chai. Mwaka uliofuata akafariki, na Honda ikabaki kwenye banda la kuku.

Mwaka jana kaka mkubwa akanipigia. Amepatikana mtu wa vyuma chakavu, anatoa elfu sitini. Kaka si mtu mbaya, jamani, ana watoto wanne na banda analitaka. Nikamwomba siku mbili, nikatafuta fuso lililokuwa linaleta karanga Dar, nikamtumia elfu sitini zake, na Honda ikashuka getini kwangu saa tano usiku ikiwa na kinyesi cha kuku hadi kwenye kabureta. Kaka akanitumia ujumbe: hiyo bado ni mali ya familia, usije ukasema hukuambiwa.

Kilichonipa shida zaidi ni mama. Wakati huo alikuwa kwangu kwa matibabu ya mtoto wa jicho. Aliiona ikishushwa, hakusema kitu. Asubuhi, chai ikiwa mezani, ndipo akasema. "Mwanangu, itengeneze ukipenda, ni mikono yako. Lakini siku ikitoka nje ya geti na wewe uko juu yake, mimi narudi Mpwapwa."

Nisingeweza kubishana naye. Mtoto wa dada yake alikatwa mguu mwaka 2014, bodaboda aliyopanda ilipogongwa na lori. Na mimi nimeandika habari za ajali za pikipiki nyingi kiasi kwamba vidole vinazijua vyenyewe: abiria hakuwa na kofia, dereva alikuwa akijaribu kulipita gari lililo mbele, majeruhi wamekimbizwa hospitali. Nikamwambia sawa mama. Nikaanza kufungua nati.

Wanaopenda ufundi wakae hapa, wengine mnaweza kuruka aya mbili.

Pistoni ilikuwa imeganda. Nilimimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia kupitia tundu la plagi, nikaiacha siku tisa, kila jioni nikigusa tu kiki kwa mkono kama mtu anayempima mgonjwa. Siku ya tisa ikasogea. Ilipofunguka, silinda ilikuwa na mikwaruzo, ikabidi ichongwe na kupewa pistoni kubwa kidogo. Kijana mmoja wa boda wa kona yetu ndiye aliyenipeleka Gerezani na kunifundisha kuuliza: usiseme unatafuta spea ya Honda ya zamani, watakuona tajiri. Toa mfukoni kile kipande kibovu, kiweke mezani, nyamaza. Ringi, sahani za klachi, kabureta, vyote tulipata vya Kichina kwa bei ya pikipiki za kawaida. Si kila kitu kiliingia. Gasketi mbili tulizikata wenyewe kwa mkasi. Valvu nilizipima kwa kipimo cha bapa, milimita 0.08, unene ambao ukiushika vidoleni hauamini kama upo.

Tenki lilikuwa na kutu ndani kama chungu cha kale. Hapa nawapa dawa ya bure. Nililijaza maji yenye magadi, yaleyale ya kupikia maharage, nikatumbukiza kipande cha nondo katikati bila kugusa ukuta wa tenki, kisha nikaunganisha chaja ya betri: hasi kwenye tenki, chanya kwenye nondo. Maji yakaanza kutoa viputo, na baada ya usiku mzima kutu yote ilikuwa imegeuka tope jeusi la kumwaga. Fanyeni nje, mbali na moto, maana hivyo viputo ni haidrojeni. Umeme nao nimeubadili. Ilikuwa ya volti 6 na platini, taa yake ikiwaka unaiona wewe tu, aliye mbele haioni. Sasa ni volti 12, na moto wa plagi unatoka kwenye CDI ya Kichina. Wapenda asili watanisamehe. Mimi nataka lori linione.

Mwezi wa nne ikawaka. Nilishapiga kiki mpaka goti likalegea, jirani wa juu ameshafungua dirisha kutukana, ndipo ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena na kushika. Ule mlio sikuwa nimeusikia tangu nikiwa mdogo. Mama alikuwa anachambua mchele barazani. Hakuinua kichwa, lakini mikono ilisimama.

Basi ndipo likaja suala la sura. Wenzangu wa kazini wanataka niifanye kafe resa. Huo ni mtindo wa vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960, waliokuwa wakikutana sehemu kama Ace Cafe kule London: unashusha usukani, unakata fremu kwa nyuma, unaweka siti ya mtu mmoja yenye nundu, unaondoka kama umechelewa harusi. Siku hizi CG ni mojawapo ya pikipiki wanazozipenda kwa kazi hiyo, kwa sababu ni nyepesi na rahisi. Nilitumiwa picha arobaini. Zinapendeza, siwezi kudanganya. Lakini zote zinaanza kwa msumeno, na msumeno ungepita palepale lilipokaa sanduku la chanjo. Nikawaambia karia haiguswi. Hiyo ni kumbukumbu ya mzee, ni historia ya nchi hii, nikahutubia kweli kweli.

Mama akasikia hotuba. Akaniuliza, "Hiyo karia unaipenda sana?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi siipendi. Baba yako alipoinunua nilifurahi, nikajua sasa nitapanda. Akasema karia ibaki, itabeba maziwa. Ikabeba maziwa. Ikabeba pumba, ikabeba mbuzi. Pale palikuwa mahali pangu. Kliniki nilikwenda kwa miguu na wewe mgongoni, na pikipiki iko nyumbani. Ng'ombe wa watu walipelekewa dawa, mimi nilipanda mara mbili. Kata."

Nilibaki na spana mkononi. Mambo ya sotoka niliyasoma, nimeandika na makala. Hili sikuwahi kulisikia, na nimeishi na huyu mama miaka yote.

Fremu sikuikata. Bolti nne ziligoma kwa sababu ya kutu, tukazipasha moto, zikatoka, na karia sasa imening'inia ukutani nyuma ya jiko, imebeba ndoo na sabuni. Fundi wa makochi Tandale alinishonea siti mpya, ndefu, bapa, ya rangi ya udongo, ya watu wawili kwa nafasi. Usukani nimeushusha kidogo, tenki ni jekundu na mstari mweupe. Wenzangu wanasema sio kafe resa wala sio ya asili. Ni kweli.

Lakini geti lilikuwa bado limefungwa, maana neno la mama halikuwa kuhusu siti. Kwa hiyo mwezi wa sita wote ulikuwa wa breki. Nilibadilisha breki shuu mbele na nyuma, nyaya, beringi za magurudumu, nikampelekea fundi spoki azikaze moja moja, tairi mpya, shokapu za nyuma mpya. Nikanunua kofia mbili ngumu zilizonigharimu kuliko ringi, pistoni na kabureta kwa pamoja. Kila kitu nilimwonyesha mama, si kwa kumbembeleza, alitaka kuona. Macho yake sasa yanaona vizuri kuliko yangu. Aliizungusha gurudumu la mbele kwa mkono na kuniambia nibane breki. Alirudia mara tano.

Jumapili iliyopita akatoka na khanga amejifunga kiunoni juu ya suruali yangu ya mazoezi. Sikuamini. Akavaa kofia, akaniambia nisimwambie kaka yangu, ambaye kwa taarifa yenu ameshaona picha na sasa anauliza mali ya familia inarudi lini. Kukaa upande nilikataa, akapanua miguu kama dereva. Nikafungua geti. Tulikwenda gia ya pili hadi kwenye duka la dawa, tukapinda kushoto hadi msikitini, tukarudi. Kilomita moja na kidogo, sidhani kama tulivuka ishirini kwa saa. Spidomita haifanyi kazi bado.

Alishuka, akarudisha kofia, akajikung'uta vumbi. Akasema breki ya nyuma inalia.

Kweli inalia. Jumamosi naifungua tena.